Kumng'oa mtemi ni jambo moja, kuumaliza ukoo ni jingine

Wengi wanaosimulia anguko la ukoo wa Agilolfing, uliotawala Bavaria (kusini mwa Ujerumani ya leo), huishia mwaka 788, mtemi wake wa mwisho, Tassilo III, aliponyolewa kichwa na kuingizwa monasteri. Wanaiacha sehemu tamu.

Nguvu ya ukoo huu ilikuwa ndani ya sheria ya Bavaria yenyewe. Ukimuua mtu huru wa kawaida, fidia ni solidi 160 (sarafu za dhahabu). Koo tano kubwa zililipiwa mara mbili. Agilolfing mara nne: 640. Tena mtemi sharti atoke kwao. Ila sheria hiyohiyo ilisema anayemsimika ni mfalme wa Wafranki, na atamsimika aliye mwaminifu kwake. Mwiba ulikuwa hapo.

Tassilo alirithi mwaka 748 akiwa bado mtoto. Baadaye akamwoa Liutpirg, binti wa Desiderius mfalme wa Walombardi kule Italia. Mwaka 774 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, akamwangusha Desiderius, na Tassilo akabaki hana mgongo wa kuegemea. Mwaka 787 majeshi matatu yakamkaba: moja Lechfeld karibu na Augsburg, la pili mtoni Danube, la tatu kutoka Italia. Hakukuwa na vita, maana wakubwa wake mwenyewe walishaegemea kwa mfalme. Akatoa mateka 12, na mwanawe Theodo akawa wa 13.

Mwaka uliofuata, kwenye ikulu ya mfalme ya Ingelheim, Tassilo alishitakiwa kula njama na Waavari, watu wa mashariki ya Bavaria. Lakini hukumu ya kifo ilisimama juu ya kosa la kuliacha jeshi la mfalme mwaka 763. Miaka 25 nyuma! (Tunalijua hilo kupitia kumbukumbu za upande wa mshindi, kwa hiyo soma kwa jicho kali.) Karolo, ambaye Tassilo ni mtoto wa shangazi yake, akabadilisha kifo kuwa utawa, na mke na watoto nao wakatawanywa kwenye monasteri.

Hapo utemi umekwisha. Mali je? Yeyote aliyewahi kufuatilia kesi ya shamba la ukoo hapa Mwanza anajua: bila sahihi ya wenye haki, kesi hufufuka kwa wajukuu. Karolo alilijua hilo. Mwaka 794 akamtoa Tassilo monasteri, akamsimamisha mbele ya sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Frankfurt; hapo Tassilo akaomba msamaha na kuachia kila haki na mali huko Bavaria, yake, ya wanawe na ya binti zake. Nakala tatu zikaandikwa: moja ya ikulu, moja ya kanisa la ikulu, na ya tatu akapewa Tassilo mwenyewe aende nayo monasteri.