Bibi atwanga

Ukinikuta ufukweni Shangani, Mtwara, Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yametoka, utanisikia nasema "bibi atwanga" kabla sijapiga mpira wa gofu. Nairudia tena na tena. Nimeshaulizwa mara nyingi nasema nini, na kuna mama mmoja aliyedhani ni dua. Leo nieleze vizuri, maana maneno hayo mawili yamenisaidia kwenye gofu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Nilihamia Mtwara mwaka 2021 kwa kazi ya uwakala wa forodha bandarini. Kwenye basi nilipakia begi mbili za nguo na mfuko wa gofu wenye fimbo saba: draiva ya mipira mirefu, namba 5, namba 7, namba 9, weji mbili za mipira mifupi ya juu, na pata ya kusukumia mpira shimoni. Mchezo nilianzia Dar es Salaam, uwanja wa Lugalo, nikifuatana na wafanyakazi wenzangu siku za Jumapili. Huku mazoezi yangu yote ni ya mchanga. Bamvua ikitoa maji, mchanga wa chini unabaki umeshikana, mgumu kama sakafu ya udongo, na mpira unakaa juu yake bila kuzama. Ni mwalimu mkali mchanga ule. Ukiupata mpira kwanza, unaona mkwaruzo mdogo mbele ya pale mpira ulipokuwa. Ukibaki na uzito mguu wa nyuma, fimbo inachimba kabla ya mpira na tope la chumvi linakurukia mpaka kwenye kope.

Napiga kuelekea magharibi, jua likiwa mgongoni na bahari mkono wa kulia. Kwa zaidi ya mwaka mzima mipira yangu iliipenda bahari. Ilianza vizuri, halafu katikati ya safari inakata kulia na kutumbukia. Mingine niliiokota maji yalipotoka zaidi, kwenye majani ya bahari. Mingine sikuiona tena, na iliniuma, si kwa bei yake tu bali kwa sababu sipendi kuwaachia samaki takataka zangu.

Kila niliyemwonyesha swingi yangu, yaani ninavyopandisha na kushusha fimbo, alinipa dawa ileile: unaharakisha, piga polepole. Mwalimu wangu wa mwanzo kule Dar alinihimiza hivyo karibu kila mkwaju. Nami ni mtu wa kusikia. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Ikafika mahali naipandisha fimbo kama mtu aliyebeba kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni. Ikifika juu, mwili unastuka kwamba umechelewa, mikono inaikamata fimbo na kuivuta chini kwa pupa. Mabega yanatangulia, fimbo inatoka nje ya njia yake, uso wake unafika kwenye mpira ukiwa wazi, umegeukia kulia, na mpira unakwenda zake baharini. Kadiri nilivyopunguza kule kupandisha ndivyo pupa ya kushusha ilivyozidi.

Hapa ndipo nataka kusema jambo linalonigusa sana, kwa sababu naamini wapo wengi walioharibiwa na neno "polepole". Mwendo na mapigo ni vitu viwili. Mwendo ni muda wote swingi inaochukua, tangu fimbo inapoondoka kwenye mpira mpaka inapoupiga. Mapigo ni namna muda huo unavyogawanywa kati ya kupanda na kushuka. Ukimwambia mtu apunguze mwendo bila kumwambia lolote kuhusu mgawanyo, unaweza kumharibia kile kidogo alichokuwa nacho.

Kuna Mmarekani anaitwa John Novosel aliyekaa na video za wachezaji wa kulipwa akahesabu picha moja moja, kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde. Wengine walitumia picha 21 kupandisha na 7 kushusha mpaka kwenye mpira. Wengine 24 na 8. Wengine 27 na 9. Gawanya yoyote kati ya hizo, jibu ni lilelile: 3 kwa 1. Ukiichukua ile ya katikati, 24 na 8, ni sekunde 0.8 kupanda na chini kidogo ya 0.27 kushuka. Kazi yote ni sekunde moja na ushei. Hiyo si polepole hata kidogo! Jaribu kuinua mkono na kuushusha kwa muda huo uone.

Nawafikiria pia ndugu zetu wawili wa kusini mwa Afrika, mabingwa wa gofu. Ernie Els wa Afrika Kusini, ukimtazama, utasema anapunga hewa, hana haraka na mtu. Nick Price wa Zimbabwe alikuwa kinyume chake, fimbo inapanda na kushuka chapuchapu, ukipepesa jicho amemaliza. Mwaka 1994 Els alishinda US Open, na Price akashinda The Open kule Turnberry na PGA Championship mwaka huohuo, yote mashindano makubwa kabisa ya gofu. Kama polepole ndiyo siri, Price alishindaje?

Basi baada ya Idi mwaka jana nikaiegemeza simu kwenye kiatu, nikajirekodi, jioni nikaanza kuhesabu picha moja moja kwa kidole. Nilihesabu mara tatu kwa kutoamini. Picha 37 kupanda. 8 kushuka. Zaidi ya nne na nusu kwa moja! Kushuka kwangu kulilingana na kwa mabingwa kwa muda, ingawa fimbo yangu haina kasi yao. Miaka yote naambiwa naharakisha, kumbe mwenzenu nilikuwa nachelewa kupanda.

Kujua tatizo ni rahisi, mwili kukubali ni kazi nyingine. Nilipakua programu ya metronomu, ile inayolia kwa mapigo sawasawa, nikaiweka mapigo 225 kwa dakika ili kila pigo liwe robo sekunde na kidogo: matatu ya kupanda, moja la kushuka. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini ile ti-ti-ti-ti ilinikaza mabega. Nikawa nauwinda mlio badala ya kupiga mpira. Rafiki yangu wa kazini akaniambia nitumie ngoma, huku ni kwa Wamakonde bwana, sindimba ipo. Nilijaribu kwa moyo mmoja. Sindimba ni ya kiuno na ina haraka yake, haikunipa pale pa kusubiri juu.

Jibu lilikuwa Mikindani, kwa bibi mzaa mama.

Nilikwenda kumjulia hali Jumapili moja, nikamkuta uani na kinu, anatwanga makopa ya unga wa ugali. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kula au umekuja kusaidia?" Akanipa mchi. Sikuwa nimetwanga tangu utotoni. Nikaanza kwa nguvu, nauinua na kuusukuma chini kwa mabega, vipande vya makopa vinaruka nje ya kinu na kuku wanavigombania. Haikupita dakika tano, lengelenge limeota chini ya kidole cha shahada, palepale fimbo ya gofu inaponichubua.

Bibi akanitazama kwa muda. "Unaupiga mchi," akasema. "Mchi haupigwi, mwanangu. Uinue, uuache, ushuke nao." Akauchukua.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu kabisa, macho usawa wa mikono yake. Mchi unapanda bila kusita, kwa mwendo mmoja, hauanzi taratibu kisha ukakurupuka. Ukikaribia juu, vidole vyake vinalegea, unaona kabisa mwanga kati ya kiganja na mti. Na kitu nilichokiona ndicho kilichonifanya nisimame: magoti na kiuno vinaanza kushuka mchi ukiwa bado unamalizia kupanda. Kwa kitambo kidogo sana mwili unakwenda chini na mchi unakwenda juu. Halafu uzito unageuka wenyewe na mikono inausindikiza tu. Hicho ndicho makocha wa gofu wanachotuambia kila siku, kwamba nyonga zianze kurudi kabla fimbo haijafika mwisho, na mimi nilikuwa sijawahi kukiona kwa macho mpaka siku ile, kwa mwanamke mwenye kanga kiunoni na miaka sabini na ushei.

Nikamwomba nimrekodi, akakubali ila kwanza akajitanda vizuri. Nilipohesabu nilitaraji 3 kwa 1, haikuwa hivyo. Mchi ulipanda kwa picha 18 na kushuka kwa 9. Mbili kwa moja. Nikaruka mbele kwenye video, dakika kadhaa baadaye, jasho linamtoka na anaongea na jirani ng'ambo ya ua: 18 na 9. Mbele tena: 17 na 9. Nilikaa nikitazama namba hizo nikaona aibu na furaha pamoja. Mimi kati ya mikwaju kumi sikuwa na miwili inayolingana.

Usiku ule kitandani ndipo maneno yalipokuja. Nilitaka silabi tano: ya kwanza fimbo inaondoka, ya nne iko juu, ya tano iko kwenye mpira. Bi-bi-a-twa-nga. "Bi" naondoka. "Twa" niko juu. "Nga" mpira. Kati ya "bi" ya kwanza na "twa" kuna hatua tatu, kati ya "twa" na "nga" ni moja. Ukilisema kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida, bila kulikimbiza wala kulivuta, linakaa karibu sana na ile sekunde moja na ushei.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu. Kiswahili chetu kinapenda kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi utataka kusema "atwaaanga". Ukiivuta hiyo "twa", utasimama juu na pupa itarudi. Zisawazishe silabi zote kama shanga za ukubwa mmoja. Mimi nilifanya mazoezi ya kusema tu, bila fimbo, nikitembea kwenda kazini wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata nilipiga mipira 20 kwa namba 7. Mitatu ndiyo iliyokwenda baharini. Zamani ingekuwa kumi au zaidi. Na sauti ilibadilika. Mpira ukigongwa vizuri juu ya mchanga mgumu unatoa mlio mkavu, mfupi, na mkono hausikii kitu. Nilipojirekodi tena nilipata 25 na 8, baadaye 24 na 8, baadaye 26 na 8. Zinatofautiana kidogo lakini ni ndugu moja.

Kwa mikwaju mifupi, yaani chipu za karibu na shimo na pata, wengi hufundisha 2 kwa 1, na huko sikuhitaji maneno mapya. Nafumba macho namwona bibi na kinu chake, 18 na 9, napiga. Weji yangu haijawahi kuwa tulivu namna hii.

Upepo ndio mtihani uliobaki. Kusi ikivuma, hasa kuanzia mwezi wa sita, mwili unataka kupigana nayo. Unaminya fimbo, unaongeza nguvu, na mpira uliopigwa kwa nguvu nyingi unazunguka zaidi, unapaa juu, upepo unaubeba unavyotaka. Siku hizo nachukua fimbo ndefu zaidi, namba 5 mahali pa namba 7, naishika chini kidogo, na bibi anatwanga vilevile. Bado nashindwa mara nyingi. Pia kina mama wanaokwenda kuchokoa pweza wakipita nasimama kabisa mpaka wafike mbali, na nikirudi kupiga, mkwaju wa kwanza huwa wa haraka kwa sababu mwili umepoa. Nimejifunza kupunga fimbo mara tatu hewani kwanza.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mikindani na fimbo namba 7 ndani ya begi, nikamwonyesha bibi kitu ninachokipunga kwa jina lake. Aliishika kama anavyoshika mchi, katikati, akaipima uzito, akaigeuza kichwa chini, akapapasa mistari ya kwenye chuma. Kisha akanirudishia.

"Chepesi mno hiki," akasema. "Ndiyo maana unakikimbiza. Mchi ungekuwa mwepesi hivi hata mimi ningeukimbiza."

Sasa kila Jumamosi nikifika ufukweni natoa weji na namba 7, nazishika zote mbili kwa pamoja, nazipunga mara kumi kabla ya kugusa mpira. Bibi atwanga. Ya nne au ya tano hivi ndipo ninapoanza kuusikia uzito ukigeuka wenyewe kule juu.