Mtwara hadi Ziwa Rutamba kwa baiskeli ya gia: nilivyovimudu vilima

Mtu akisikia Mtwara na Lindi anawaza pwani, na akiwaza pwani anawaza tambarare. Apande baiskeli ndipo atajua. Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, kama kilomita 10 hivi, kweli unateleza tu kando ya ghuba na pumzi ya kuimba unayo. Lakini ukishauacha mji ule mkongwe na boma lake la Wajerumani la mwaka 1895, barabara inaanza kupanda. Kuanzia hapo hadi Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi na Masasi, ni bonde, kilima, bonde, kilima. Hakuna hata kimoja cha kutisha. Kinachokumaliza ni wingi wake.

Nilitaka kufika Ziwa Rutamba, lile dogo lililo ndani, magharibi ya mji wa Lindi, jirani na msitu wa Litipo. Mpango wangu ulikuwa kulala Lindi, zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Mtwara, kisha kesho yake niingie ndani. Baiskeli yangu ni sports ya mtumba, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Ni nyepesi, inakimbia, na kwenye lami ya kuelekea uwanja wa ndege nilikuwa najiona bingwa.

Ubingwa huo uliniisha kwenye mazoezi ya vilima vya baada ya Mikindani. Siku moja nilikuwa nimesimama juu ya pedeli, baiskeli inayumba huku na huku, nikampita mzee anayekokota Phoenix yenye gunia la mkaa kwenye keria. Nilipofika juu nikasimama kuhema. Akanikuta palepale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjomba. Sasa wewe una magia yote hayo, mbona unahema kunizidi mimi?"

Swali lilikuwa la haki. Nilipofika nyumbani nikaigeuza baiskeli juu chini nikaanza kuhesabu meno. Sproketi ndogo ya mbele ilikuwa na meno 42, na ile kubwa kuliko zote kwenye friwili ya nyuma ilikuwa na meno 24. Ukigawa 42 kwa 24 unapata 1.75, maana yake kila ukizungusha pedeli mzunguko mmoja, gurudumu la nyuma linazunguka mara moja na robo tatu. Mzingo wa tairi langu ni karibu mita 2.1, kwa hiyo hata kwenye gia nyepesi kabisa nilikuwa nasukuma mita 3.7 hivi kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni zaidi ya kilomita 13 kwa saa. Kilimani mimi siendi kilomita 13 kwa saa, basi mizunguko inashuka hadi 40, magoti yanabeba mzigo wote, na mapaja yanaungua. Baiskeli hizi zilitengenezewa vijana wa mashindano huko Ulaya. Mimi ni mtu wa ofisini.

Fundi wangu wa mtaani alinionyesha kitu ambacho sijui kwa nini hakisemwi zaidi. Friwili za kusokota za baiskeli nyingi za mlimani za Kichina huingia kwenye habu ya zamani ya sports bila shida, kwa sababu nyuzi za kusokotea ni zilezile. Akanipa ya meno 14 hadi 34, iliyotoka kwenye baiskeli iliyokufa fremu. Ila mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo ulikuwa mfupi, usingefika kwenye meno 34 wala kuukaza mnyororo vizuri, kwa hiyo tukachukua na ule mrefu wa baiskeli ileile, tukaongeza na pingili za mnyororo. Friwili mpya ilikuwa nene kidogo, ikabidi aweke washa kwenye ekseli isigonge fremu. Kazi yote haikuzidi bei ya tairi jipya.

Hesabu ikabadilika: 42 kwa 34 ni kama 1.24, yaani mita 2.6 kwa mzunguko. Kwa mizunguko ileile 60 unapanda kwa kilomita 9 na kidogo kwa saa, umekaa kwenye siti, unapumua. Wenye kuona aibu kupanda polepole waendelee kusimama juu ya pedeli.

Gia peke yake haitoshi, lazima ujue wakati wa kuibadilisha. Mnyororo ukiwa umekazwa na uzito wako wote katikati ya mlima hauhami vizuri, unakwaruza na unaweza kuruka. Nilijizoeza kubadilisha mapema, bado nina kasi ya mteremko, kisha kuendelea kushusha gia mojamoja huku nikilegeza miguu kidogo kila inapohama. Kipimo changu cha nguvu kilikuwa mdomo: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, napunguza. Kwenye mteremko nabana breki, naachia, nabana tena, ili rimu zisipate moto.

Nilichagua kipindi cha kusi kwa makusudi. Kuanzia Aprili hadi Septemba upepo huu unatoka kusini na kusini mashariki, na ukitoka Mtwara kwenda Lindi unaelekea kaskazini magharibi, kwa hiyo unakusukuma mgongoni. Mvua za huku zinaanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na katikati ya mwaka jua si kali sana. Tatizo la msimu huo ni salfa. Ndio wakati mikorosho inatoa maua, na wakulima wanapuliza unga wa salfa alfajiri kabla upepo haujaamka, saa zilezile za mwendesha baiskeli. Harufu inakuvaa hadi kooni. Nilifunga leso puani kila nilipoona wingu la njano juu ya mikorosho.

Halafu kuna malori. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanakuja bandarini Mtwara kwa barabara hii, kwa hiyo yaliyojaa unakutana nayo uso kwa uso, na matupu yanakutokea nyuma, nayo ndiyo yenye mbio. Lori likikupita karibu, kwanza hewa inakusukuma pembeni, kisha inakuvuta kuelekea kwake. Ushikilie usukani bila kuukaba, usiangalie nyuma ghafla. Nilifunga kioo kidogo cha pikipiki upande wa kulia. Kinachekesha kwa sura, lakini sitoki tena bila hicho.

Kuhusu chakula, nitasema jambo ambalo Wamtwara wenzangu hawatalipenda: korosho si chakula cha kilimani. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta yanachelewa tumboni. Zile za mfukoni nilizila jioni Lindi. Njiani nilikula ndizi, tende na kashata, na pale Mnazi Mmoja nikaongeza mihogo ya kuchemsha. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, ni mitamu, lakini kuimenya na kuitafuna kunataka mtu aliyekaa. Chupa moja ilikuwa ya maji matupu, ya pili nilichanganya sukari na chumvi kwa kipimo kile cha zahanati, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, nikakamulia ndimu.

Kutoka Mnazi Mmoja barabara ya Masasi inabaki kushoto, wewe unashika ya Lindi. Sehemu hiyo siikumbuki vizuri. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kitanda.

Kesho yake safari ya ndani ilikuwa mchezo mwingine. Kwenye lami nilikuwa nimejaza upepo wa PSI 90 kwenye matairi membamba ya milimita 28. Kwa vumbi nikashusha hadi 65, maana tairi likiwa gumu sana linarukaruka juu ya kokoto na kukuchosha mikono. Chini ya hapo na mimi na uzito wangu, tyubu ingebanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka. Kwenye mchanga nilishika gia nyepesi, nikarudi nyuma kwenye siti, nikaacha gurudumu la mbele litafute njia lenyewe. Palipokuwa na kina nilishuka nikakokota, kama yule mzee wa mkaa.

Ziwa linakutokea ghafla. Nilitegemea maji ya kuonekana toka mbali, kumbe limejificha kati ya vilima. Nilipotaka kwenda kunawa uso, mama mmoja aliyekuwa anafua akaniita: "Baba, usipite kwenye majani hapo, njoo huku tunakochota." Sikuuliza kuna nini kwenye majani. Nilinawa alikonielekeza, nikala perege wa kukaanga kwa ugali wa muhogo, nikalala chini ya mwembe hadi jua lilipopungua ukali.

Kurudi Mtwara sikurudi kwa pedeli. Kusi inayokusukuma ukienda inakupiga usoni ukirudi, na alasiri inaongezeka nguvu. Nililala tena Lindi, nikapanda basi. Baiskeli inahesabiwa kama mzigo, na bei mnapatana na kondakta kabla haijaingia kwenye buti. Ng'oa gurudumu la mbele, uifunge kwenye fremu kwa mpira, na uilaze upande wa kushoto, ili mkono wa gia ubaki juu. Wakiiweka kinyume, begi moja la unga juu yake linatosha kuupinda.