Usiyatupe Matumbo Kabla Hayajasomwa

Msimu wa uwindaji kwangu huanza kwa namna ileile. Mtu anashuka garini na paja moja, limechunwa vizuri, limefungwa kwenye shuka safi. Analiweka mezani na kuniuliza kama linalika. Nalitazama: ni jekundu, linang'aa, halinuki. Kisha nauliza maini yako wapi, mapafu yako wapi, bandama iko wapi, na jibu nalijua kabla halijamtoka. "Tumeviacha hukohuko."

Mimi ni mkaguzi wa nyama. Nilianzia machinjioni kabla ya kuhamia nyama ya porini. Machinjioni mnyama ananipitia akiwa hai, kisha nyama na viungo vyake vinakuja pamoja, namba moja. Porini naletewa paja. Na paja, ndugu zangu, ni shahidi mbaya, kwa sababu magonjwa mengi hujionyesha kwenye viungo vya ndani na kwenye tezi muda mrefu kabla ya kugusa msuli. Nimeshaona wanyama wenye mapafu yaliyojaa vivimbe ambao nyama yao ungeweza kuipiga picha ya kalenda. Pua nayo haisaidii sana. Harufu mbaya hukuambia nyama imeoza, lakini haikuambii mnyama alikuwa na nini siku ile alipopigwa.

Ukaguzi huanza mnyama akiwa bado amesimama. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 853 ya mwaka 2004 inataka mnyama wa porini anayekwenda sokoni aangaliwe na mtu aliyefunzwa, na si mzoga tu: iulizwe pia kama alionekana na tabia isiyo ya kawaida kabla ya kupigwa risasi. Mimi ningeiweka kanuni hiyo hata kwa nyama inayoishia jikoni kwa mwindaji mwenyewe. Dakika mnazotumia kubishana nani apige, mpeni mmoja wenu darubini. Je, huyu amejitenga na kundi? Kichwa kiko chini, masikio yamelegea? Manyoya yamesimama na kufubaa, au yamenyonyoka kwa ukurutu? Mkia umechafuka kwa kuhara? Anadondosha mate, anazunguka palepale kama mtu anayetafuta alichokiangusha?

Kuchechemea peke yake hakunitishi. Huenda ni jeraha la zamani lililopona vibaya. Anayenifanya niombe bunduki ishushwe ni mnyama wa usiku anayezurura mchana, au mnyama mwoga anayekutazama tu huku unamsogelea. Wengi humwita huyo bahati. Namibia, kuanzia 1977, tandala walikumbwa na kichaa cha mbwa na wakafa kwa maelfu. Tandala mwenye kichaa hupoteza woga, hutoka mate, na huweza kuingia mpaka kwenye nyua za watu. Hebu fikiria: mnyama mkubwa, nyama tele, amesimama hatua chache kutoka mlangoni. Virusi hivyo viko kwenye mate, ubongo na uti wa mgongo. Ni kweli moto wa chungu huviua, lakini kabla ya chungu kuna kisu, kuna vidole vyenye michubuko, na kuna yule anayepasua fuvu. Huyo wa kumwachia ni ofisa wa wanyamapori. Na kama mate yake yamegusa kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri dalili.

Mnyama uliyemkuta amekufa ni habari nyingine, na hapa sina mjadala na mtu. Najua hoja zote: bado ana joto, labda amepigwa na radi, labda mwindaji mwingine alimjeruhi akamkosa. Kibudu ni kibudu. Kinachonitia hofu zaidi ni kimeta. Mnyama aliyekuwa mzima jana leo kalala, tumbo limefura upesi, viungo havijakakamaa inavyotarajiwa, na damu nyeusi isiyoganda inachuruzika puani, mdomoni au njia ya haja. Ukiona hivyo usimpasue hata kidogo, hata kwa nia ya kuthibitisha. Ndani ya mzoga uliofungika, bakteria wa kimeta hushindwa na wale wa uozo na wengi hufa. Ukichoma kisu unawapa hewa, na wakipata hewa hugeuka kuwa spora, kama mbegu ngumu zilizolala, ambazo hukaa ardhini kwa miongo ya miaka. Kwenye kisiwa cha Gruinard, Uskoti, Waingereza walijaribia silaha ya kimeta kwa kondoo mwaka 1942. Kisiwa hicho hakikutangazwa salama hadi 1990, baada ya kunyunyiziwa formaldehidi iliyochanganywa na maji ya bahari. Mwaka 2016, katika rasi ya Yamal kaskazini mwa Urusi, kimeta kiliua kulungu wa kufugwa zaidi ya 2,000 pamoja na mvulana wa miaka 12, mahali ambapo watu walikuwa wameuona ugonjwa huo kuwa habari ya zamani. Jiko la nyumbani si la kutegemewa kwa spora, wala chumvi, wala moshi.

Wanyama wa jamii ya nyani ndiyo kabisa. Huko Mayibout, Gabon, mwaka 1996, sokwe alikutwa amekufa msituni, akabebwa, akachunwa. Waliomshika ndio walioanza kuugua, na Ebola ile iliua watu 21. Siku ya kwanza hapakuwa na lolote machoni pao la kuwaonya zaidi ya hilo moja, kwamba alikuwa amekufa bila mtu kumuua.

Basi, tuseme mnyama alikuwa mchangamfu, amepigwa vizuri, na sasa amelala mbele yenu. Vaeni glavu. Najua glavu huonekana kama mambo ya watu wa mjini, lakini kisu cha kuchunia hukata mikono ya watu kila msimu, na bakteria wa brusela, kwa mfano, huingia kwa mkwaruzo mdogo tu. Fungueni tumbo bila kutoboa utumbo, halafu kabla hamjatoa chochote, tulieni mtazame. Tumboni kunapaswa kuwa na unyevu kidogo tu. Ukikuta maji mengi ya manjano, usaha, au utumbo umegandana na ukuta wa tumbo, hapo pana historia ndefu. Vivyo hivyo kifuani: mapafu mazima hutoka kwa kuvutwa kidogo, mepesi, ya waridi. Yakiwa yameshikana na mbavu, mnyama huyo aliwahi kuugua nimonia. Utando mkavu wa zamani, sehemu ndogo, mnyama mwenyewe mnene, huwa naupitisha baada ya kukata eneo hilo. Usaha mbichi siupitishi.

Kisha bandama, ambayo wawindaji wengi hawaijui hata ilipo. Iko upande wa kushoto, imebanana na tumbo kubwa. Inatakiwa iwe bapa, kingo zake zimechongoka, ngumu kiasi. Ikiwa imevimba mara mbili tatu, nyeusi, na ukiikata inamwagika badala ya kushikamana, weka kisu chini, ondoka hapo, na upige simu. Hiyo ni picha ya kimeta mpaka maabara iseme vinginevyo.

Ini lisomwe kwa macho na kwa vidole. Rangi iwe moja, kingo kali. Vidoa vidogo vyeupe vilivyotapakaa kwenye ini na bandama ya sungura vinanifanya nifikirie tularemia, ugonjwa uliopewa jina la wilaya ya Tulare, California. Bakteria wachache sana wanatosha kumwangusha mtu mzima, na huingia hata kwa ngozi iliyochubuka au kwa jicho lililosuguliwa kwa mkono mchafu. Sungura huyo mara nyingi pia alikuwa mzito wa kukimbia, mtoto angeweza kumshika.

Tezi ndizo ninazozipenda, kama mtu anaweza kupenda kitu cha namna hii. Zile za nyuma ya koo, zile zilizo kati ya mapafu, zile za kwenye utumbo. Zikate katikati. Tezi nzima ni laini, rangi moja, ina majimaji. Tezi yenye kifua kikuu cha ng'ombe huwa imevimba, ndani ina kitu kizito cha manjano, na mara nyingine kisu kinakwaruza chembe za chokaa. Sauti hiyo ukishaisikia huisahau. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ugonjwa huu uligunduliwa kwa nyati mwaka 1990, na simba wakaupata kwa kuwala nyati hao. Nikiukuta sehemu zaidi ya moja namkataa mnyama mzima, hata kama wenye nyama wananuna. Wananuna kweli.

Mafuta nayo yana la kusema. Mafuta ya kuzunguka figo na moyo yanapaswa kuwa magumu, meupe au ya manjano. Yakigeuka kuwa utelezi unaoona upande wa pili, mwili ulikuwa unajila wenyewe. Vunja mfupa wa paja uone na uboho: ukiwa mwekundu na wa majimaji, akiba yake ya mwisho ilikuwa imeisha. Lakini hapa ni lazima uwakumbuke wenzake. Kundi zima likiwa limekonda, huenda ni ukame tu. Akiwa amekonda yeye peke yake katikati ya wanene, tafuta sababu mpaka uipate. Angalia magoti yaliyovimba, korodani moja kubwa kuliko mwenzake, na kwa jike mwenye mimba usipasue mfuko wa uzazi. Hapo ndipo brusela hujaa.

Kinyume chake, vitu vingi vinavyowatisha watu havina neno. Funza wanene ndani ya pua na fuvu la kongoni au nyumbu ni mabuu ya nzi, wanachukiza, basi. Minyoo mirefu myeupe inayoogelea tumboni nje ya utumbo mara nyingi haimdhuru mlaji. Ini lenye minyoo bapa litupwe, nyama iliwe. Malengelenge yenye maji kwenye mapafu au ini hayazuii nyama, mradi yasipewe mbwa wa kuwinda. Mbwa akiyala mabichi hupata tegu, kisha mayai ya tegu yanarudi kwa binadamu kupitia kinyesi chake. Chembe nyeupe zilizotapakaa ndani ya misuli yenyewe ni jambo jingine. Huenda ni tegu wachanga, na zikiwa nyingi sioni sababu ya kupigania nyama hiyo.

Halafu kuna yale ambayo jicho langu haliyaoni, na sioni aibu kulisema. Trikinela, mnyoo mdogo mno, iko ndani ya msuli wa nguruwe pori, ngiri au dubu bila alama yoyote. Mapafu safi, bandama safi, na bado imo. Nyama ya wanyama wanaokula nyama au mizoga iive mpaka ndani kabisa ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Mimi hutumia kipimajoto, simwamini anayetazama rangi. Kukausha, kutia chumvi na kufukiza moshi hakutoshi, na spishi ya trikinela iliyo kwenye dubu wa kaskazini hustahimili hata friza. Kulungu wa Amerika Kaskazini nao wana ugonjwa wa kudhoofika uliotambuliwa Colorado mwaka 1967, unaosababishwa na prioni, yaani protini zilizopotoka umbo, na prioni haziuawi kwa kupika. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini ushauri rasmi ni kupima mnyama katika maeneo yenye ugonjwa na kutokula aliyekutwa nao. Ubongo, uti wa mgongo, macho na bandama viachwe.

Nyama nyingi ninazozikataa zilitoka kwa wanyama wazima kabisa, na aliyeziharibu ni mwindaji. Risasi imepita tumboni, kinyesi kimetapakaa, halafu mtu anamwaga ndoo ya maji ndani na kuusambaza uchafu kila mahali. Sehemu iliyochafuka ikate uitupe, usiioshe. Mnyama aliyefukuzwa saa nzima akiwa na jeraha nyama yake hubaki nyeusi na kunata, asidi yake haipandi inavyopaswa, na huoza mapema. Mzoga upozwe upesi, mkubwa hadi nyuzi 7, mdogo hadi 4. Na kata kwa ukarimu kuzunguka jeraha, kwani vipande vya madini ya risasi husafiri mbali kuliko unavyoona, na mtoto hana kiwango salama cha madini hayo.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Maini, mapafu, moyo, figo na bandama viwe kwenye mfuko mmoja safi, kichwa kiwe na koo lake, vyote viwekwe baridi na kuandikwa alama ileile iliyo kwenye nyama. Mkiwa na wanyama wawili, msivichanganye. Na ukipata homa ya ghafla, kidonda mkononi kisichopona au tezi ya kwapani iliyovimba ndani ya wiki mbili baada ya kuchuna, mweleze daktari kwamba ulichuna, ulichuna mnyama gani, na siku gani. Haelekei kukuuliza mwenyewe kuhusu sungura.