Mashuka kwenye Matuta

Mwaka ule nilihesabu wiki kwa vidole. Pakiti ya mbegu ilisema nyanya zioteshwe ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya baridi ya mwisho ya kugandisha, basi nikachukua kalenda, nikarudi nyuma kutoka mwanzo wa Mei, nikaangukia katikati ya Machi. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Ila kalenda ninayo mimi, baridi haina.

Aprili ikaingia na theluji bado imelala kwenye kivuli cha uzio, chafu, imeshikana kama chumvi iliyopata maji. Pale dirishani miche ilikuwa imeshachoka kungoja. Imerefuka, mashina membamba kama uzi, yote imeinamia kioo kana kwamba inachungulia nje. Asubuhi nageuza trei, jioni imeshapinda tena upande wa mwanga. Trei moja iliangamia kwa siku mbili tu: shina linabanwa pale linapotoka udongoni, linageuka jeusi, mche unalala. Kosa langu hilo. Asiye na kazi huitafuta, na kazi iliyokuwa karibu nami ilikuwa birika la maji.

Mama alikuwa amekuja kukaa nasi tangu Januari, kutusaidia na mtoto. Amelima maisha yake yote, ila theluji alikuwa haijui. Alisimama nyuma yangu akanitazama nikimwagilia.

"Mwanangu, hiyo miche inaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi mbona hulali kwa kuinywesha?"

Katikati ya mwezi theluji ikayeyuka nami nikatoka na jembe. Mama akanifuata, koti langu limemfika magotini. Akainama, akachota udongo, akaufinya kiganjani. Likatoka donge linalong'aa, alama za vidole vyake zote zimechapika. Akalisukuma kwa kidole gumba, likabonyea, halikuvunjika. Udongo ulio tayari ungemeguka. "Huu ufinyangie chungu," akasema, akaniwekea lile donge mkononi na kurudi ndani kwenye joto.

Nikalima hata hivyo, tuta la mwisho, lile la karibu na ukuta. Udongo uliolowa ukiukanyaga na kuugeuza unashindiliana, vijitundu vya hewa vinaziba, na siku ukikauka ni matofali. Hadi Agosti nilikuwa napondaponda mabonge ya tuta lile kwa kisigino cha jembe, tena nikichagua saa ambazo hakuna anayenitazama.

Njegere sina la kusema juu yake. Niliisia kwenye udongo wa baridi ikaota bila kelele, maana yenyewe nyuzijoto 5 zinaitosha. Nyanya ndiyo iliyonisumbua, na nyanya ndiyo niliyoitaka.

Mei ikatuletea siku 5 za jua. Miche inayotoka ndani inatakiwa izoeshwe nje kidogokidogo, saa moja leo, mbili kesho, kwa wiki nzima au zaidi. Mimi niliizoesha siku 3. Jumamosi nikapanda yote 24, nikasimama kando ya matuta mikono kiunoni kama mwenye shamba.

Jumanne jioni upepo ukakatika. Mama akafungua mlango wa nyuma, akatazama juu.

"Leo nyota zimejaa."

Nikatazama kipimajoto kilichoning'inia kwenye mwimo wa mlango. Nyuzi 4. Nikamwambia nne si sifuri, akalale.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshasoma habari hiyo. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inaachia joto lake lote liende juu, na hewa ya baridi kwa kuwa ni nzito inatuama chini. Kipimajoto kilicho usawa wa kichwa kinaweza kukwambia 4 wakati majani ya chini yameshaanza kuganda. Mimi nilikitundika usawa wa macho yangu ili nisome bila kuinama.

Saa tano usiku usingizi ukagoma. Nikatoka na tochi, nikapitisha kidole kwenye kioo cha gari: kiliacha mstari, na ncha ya kidole ikabaki na unga mweupe. Nikarudi ndani mbio. Mama alikuwa ameketi sebuleni gizani, mashuka yamekunjwa mapajani.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema.

Tukafunika. Yeye anatandaza, mimi nachomeka vijiti vya kuinua shuka, tochi mdomoni. Mashuka yakaisha, tukaingia kwenye ndoo, kisha kwenye sufuria. Dirisha la juu likafunguka, nikasikia sauti ya mke wangu: "Hiyo si sufuria ya uji wa mtoto?" Hakuna aliyemjibu.

Asubuhi mashuka yalikuwa yamekakamaa, ukiyashika yanalia kama karatasi. Sakitu, ule umande ulioganda, imetanda uwanja mzima, kila unyasi na manyoya yake meupe. Miche ya chini ya ndoo ilikuwa salama. Ya chini ya mashuka ilitegemea vijiti: pale nilipochomeka vizuri ilipona, na pale shuka lilipolalia majani, majani yalikuwa meusi, yamelegea, yamekuwa kama yaliyochovywa maji ya moto. Miche minne hatukuifikia kabisa. Nikahesabu iliyopona mara mbili, ikatoka 11 kati ya 24.

Mama naye alihesabu, lakini kimyakimya. Kisha akaanza kukusanya mashuka yaliyojaa tope. "Haya, na haya nani atafua?"

Nilifua mimi.

Joto lenyewe lilikuja siku kumi baadaye, nikapanda upya kwa miche niliyopewa na jirani ambaye yeye, bila haraka yoyote, alikuwa hata hajafungua mlango wa kibanda chake cha vioo. Mama aliondoka Juni kabla nyanya hata moja haijaiva. Akipiga simu nilitegemea aulize habari za mtoto, au walau za zile 11 zetu.

"Lile tuta la ukutani," akasema, "umeshamaliza kulivunja?"