Nilivyosajili tawi jipya la kliniki ya wanyama kwa dawa zinazodhibitiwa hapa Iowa

Hii nawaandikia wale mnaosimamia kliniki ndogo huku Marekani. Mimi si daktari, kazi yangu ni kuendesha kliniki ya wanyama, sasa daktari wetu alipoamua tufungue tawi la pili, makaratasi yote ya ketamini, diazepamu, pentobarbitali na wenzake, yaani dawa za usingizi na kutuliza ambazo serikali inazibana kwa sababu watu huzitumia vibaya, yakawa juu yangu.

Kwanza kabisa, usajili wa DEA, shirika la serikali kuu ya Marekani linalosimamia dawa hizi, unaenda na jengo. Daktari wetu alikuwa na namba yake tayari na mtu angedhani imetosha, lakini sheria inataka kila mahali dawa hizi zinapowekwa au mgonjwa anapochomwa sindano yake pawe na usajili wake. Kuandika tu cheti cha dawa ndani ya jimbo hilohilo, hapo namba moja inatosha. Na daktari anayezunguka mashambani na dawa kwenye gari kuna sheria ya 2014 inayomruhusu kuzibeba bila kusajili kila zizi, nzuri sana hiyo sheria, ila tawi lenye kabati lake haliingii humo.

Tuliongea sana kama tawi jipya likae bila dawa hizi tuokoe hela. Mimi nilikataa na bado nakataa, mbwa kagongwa na gari analia pale mezani, utamwambia mwenye mbwa asubiri dawa itoke tawi lingine? Haiwezekani.

Basi nikaanza na jimbo. Iowa ni kati ya majimbo yanayodai usajili wao wenyewe juu ya leseni ya udaktari, unaombwa Bodi ya Famasi na unadumu miaka 2. Kuna majimbo mengine hayana hatua hii, leseni ya kazi inatosha, kwa hiyo usifuate ushauri wa rafiki aliye jimbo lingine, uliza bodi ya kwako. DEA nao wanaangalia kama jimbo limekuruhusu, na hela yao ukishalipa hairudi, ndiyo maana sikugusa fomu yao mpaka cheti cha jimbo kilipotoka. Anwani nikaiandika herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye cheti cha jimbo, mpaka namba ya chumba.

Ya DEA ni fomu 224, inajazwa onlaini, ada dola 888 kwa miaka 3. Kabla ya Oktoba 2020 ilikuwa 731. Sheria inawataka wakusanye ada za kutosha kulipia kazi yao yote ya kuzuia dawa zisichepuke kwenda mitaani, na hiyo kazi naiunga mkono kabisa, tumeona familia zilizoharibiwa na hizi dawa. Kinachoniuma ni kwamba kliniki yenye daktari mmoja inalipa 888 ileile inayolipwa na hospitali kubwa, hapo naona wadogo tunabebeshwa.

Cheti kilipofika kazi haikuisha. Siku ya kwanza lazima uhesabu dawa na kuandika, hata kama kabati ni tupu unaandika sifuri, halafu kwa sheria ya DEA unahesabu tena angalau kila miaka 2, na kumbukumbu unazitunza miaka 2, za daraja la pili zikiwa peke yake (dawa hizi zimepangwa kwa madaraja, la pili linabanwa zaidi ya la tatu). Halafu hili wengi hawalijui: kuhamisha chupa kutoka tawi la zamani kwenda jipya si kuitia mfukoni ukaondoka. Hata kama matawi yote ni ya mtu mmoja, kwa DEA ni wasajiliwa wawili, pentobarbitali tupu iko daraja la pili kwa hiyo inataka fomu 222, ile maalumu ya kuagizia dawa za daraja hilo, ketamini ni ya daraja la tatu hiyo inatosha kuandikiwa hati pande zote mbili, na kwa mwaka usizidishe asilimia 5 ya dozi zote unazotoa. Sisi tukaona heri tuagize mpya kwa muuzaji moja kwa moja.

Tarehe sasa. Jimbo miaka 2, DEA miaka 3, hazikutani, na cha jimbo kikifa cha DEA kinakosa pa kusimamia. DEA hawatumi barua tena, ni imeili tu, siku 60, 45, 30, 15 na 5 kabla, kwa hiyo nikaweka imeili ya kliniki badala ya ya mtu mmoja anayeweza kuacha kazi kesho. Ukichelewa wanakupa mwezi mmoja wa kuhuisha, ukipita unaomba upya kabisa, na katikati hapo huruhusiwi kushika dawa hata chupa moja.

Na kama hufungui tawi, unahama jengo tu, hiyo ni kubadilisha anwani na haina ada kwa DEA, ila iombe na ikubaliwe kabla hujabeba kabati.