Siku kumi za ditoksi, mama mboga akinicheka

Mwezi wa nne mvua ikiwa imeanza kutuchafulia Nairobi vizuri, mimi nilikuwa najiskia mzito tu, suruali haifungi, ikifika saa nane ofisini macho yanajifunga yenyewe, na ukiangalia vile nilikuwa nakula huwezi shangaa, asubuhi chai na mandazi mbili, lanchi chipsi, jioni soseji ya smoki hapo steji nikingoja mat. Rafiki yangu akanitumia dayeti ya ditoksi ya siku kumi. Bluberi, selari, keli, maziwa ya lozi. Niliingia supamaketi nikashika kakopo ka bluberi, nikaona bei, nikakarudisha polepole kama mtu ameshika mtoto wa wenyewe. Na hiyo keli kumbe ni ndugu ya sukuma wiki kabisa, mmea ni mmoja, tofauti ni majani na bei.

Basi nikaenda kwa mama mboga wetu hapa Umoja nikamwambia naomba mboga za kusafisha mwili. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Kastoma, we kula chenye kiko. Embe imeisha, wachana nayo. Mvua imenyesha, managu inajiotea yenyewe, na avokado ndio hizo zimeanza."

Nikaona wacha nimfuate yeye. Asubuhi nduma ama ngwaci (viazi vitamu) na papai, lanchi githeri, yaani mahindi na maharagwe, na nusu avokado, jioni mboga za kienyeji, managu ama terere, na ugali wa wimbi. Sukari hakuna, chai hakuna, vitu vya kudeep-frai hakuna. Nyanya tu ndio zilinitoa jasho, mvua ikizidi zinaoza shambani bei inapaa, nikajifunza kupika na kitunguu peke yake na wala sikufa.

Siku ya pili kichwa kiliuma hadi nikalala na viatu. Rafiki yangu ati hiyo ni sumu inatoka, nikampigia dada yangu ambaye ni nesi akaniuliza, sumu gani? Akasema figo zako zinachuja kama lita 180 kila siku bila kungoja managu, ini nayo iko kazini usiku na mchana, hicho kichwa ni chai, ulikuwa unakunywa vikombe vinne kwa siku halafu ukakata ghafla, mwili unatafuta kafeini yake. Siku ya nne kikaacha.

Githeri nayo, jamani. Siku ya tano tumekwama kwa jam ya Jogoo Road, mvua inanyesha, na bado abiria wa nyuma yangu alifungua dirisha. Sitasema zaidi. Mama mboga ndiye aliniambia niloweke maharagwe usiku kucha na nimwage hayo maji, si kuyapikia, na kweli mambo yakatulia.

Kitu kimoja bado kinanikwaza. Kuna sukuma za hapa hapa mjini zinamwagiliwa maji ya sewage, kila mtu anajua, sasa nimekaa najisafisha mwili na nini? Siku hizi nauliza imetoka wapi. Mama mboga huapa kwamba huamka saa tisa usiku kwenda soko la Marikiti, na kabichi na karoti zake ni za lori la Kinangop. Sukuma anasema ni ya Limuru. Nimeamua kumwamini, lakini naosha mara tatu.

Siku ya kumi nilikuwa nimepunguza kilo mbili, nyingi nadhani ni maji, ila usingizi wa saa nane umeisha na choo... wacha tu, naenda kama saa. Siku ya kumi na moja nilikunywa chai, kikombe kimoja, na mandazi moja pia, msiniangalie hivyo. Jana mama mboga ameniitia mboga ya saga kutoka Kisii, nikaichemsha nikamwaga uchungu, nikailaza kwa maziwa ndani ya friji. Jioni naipika.