Jina la faili ni la atakayelitafuta

Wiki hii kila usiku, tukishaswali isha na kula, nimekuwa nikipanga mafaili kwenye kompyuta ya nyumbani. Ipo sebuleni, na hapa kwetu Makorora haina mwenyewe: mama anaandikia kumbukumbu za kikoba, mdogo wangu anafanyia kazi za chuo, dada akija kutoka Muheza anamwaga humo picha za simu yake. Kila mtu anasevu anavyojua, na folda ya vipakuliwa imefurika.

Mdogo wangu hataki habari ya kupanga. "Kaka, andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, litakuja lenyewe." Kwa kazi zake za chuo kweli huja, kwa sababu kompyuta inaweza kusoma maneno yaliyomo ndani ya faili. Ila vitu tunavyovitafuta kwa presha nyumbani huwa picha za karatasi: cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, risiti ya ada. Cheti kikishapita kwenye skana ya steshenari kinarudi picha. Wewe unamsoma mtoto jina lake pale. Kompyuta yetu haioni herufi hata moja. Inalolijua ni jina la faili tu, na skana imeliita scan0014. Hapo kisanduku kitafute nini?

Kwa hiyo niliacha kujitungia majina nikamfuata mama. "Mama, ukitaka zile hati za kiwanja, utaandika neno gani?"

"Karatasi za Pongwe," akasema, bila hata kufikiri.

Mimi ningeandika "hati ya kiwanja", yeye angehangaika. Sasa faili linaitwa "hati kiwanja karatasi za Pongwe". Ni refu, halina madaha, lakini Windows inaruhusu jina refu, na yeyote kati yetu akiandika neno lake atalipata. Kubadili ni kazi ndogo: chagua faili, bonyeza F2, andika, basi. Naona hapa ndipo watu wengi wanapokosea ushauri. Wanafundisha folda ndani ya folda ndani ya folda, wakati anayetafuta hakumbuki alianzia mlango upi.

Kumbukumbu za kikoba zilinipa kazi nyingine. Mama alizipa majina ya miezi, na kompyuta inapanga kwa alfabeti, kwa hiyo Agosti ndiyo inayoongoza, Aprili inafuata, Desemba inamtangulia Januari, na Septemba inafunga mkia. Nikaanza na mwaka kwa tarakimu, kisha mwezi: 2024-01 kikao, 2024-02 kikao. Zikajipanga zenyewe kama vikao vilivyofuatana. Sifuri ya mbele isiachwe, na tarehe isiandikwe kwa mkwaju, yaani alama hii /, maana Windows inaukataa kwenye jina la faili. Mama ameshika kalamu akajiandikia mfano kwenye daftari lake la kikoba, na kikao kilichofuata amekisevu mwenyewe. Nilifurahi sana.

Nakala nimeweka kwenye flashi mbili. Moja iko kabatini, ya pili dada ataondoka nayo Muheza, kwa sababu wizi au moto haubagui kompyuta na flashi zikikaa chumba kimoja. Na kwenye flashi sifuti kitu ovyo; cha huko kikifutwa hakipiti kwenye pipa la taka.

Zilizobaki ni picha. Zile za WhatsApp kutoka simu za Android zina tarehe ndani ya jina: IMG-20240410-WA0007 ni ya tarehe 10 Aprili 2024, sikukuu ya Idi. Ila hiyo ni siku picha ilipoingia kwenye simu. Siku hiyohiyo ndugu mmoja alitutumia picha ya babu akiwa na wenzake kwenye shamba la mkonge, imepigwa zamani kabla mama hajaolewa, nayo imekaa katikati ya pilau na kanzu mpya za watoto. Watu sita wamesimama. Mama anawatambua wawili. Ami yupo Pangani, na yeye aliwahi kufanya kazi shambani hapo. Nimeshampigia, anakuja Jumapili. Nitamkuzia picha kwenye kioo anitajie mmoja mmoja kuanzia kushoto, na majina yote nitayaandika kwenye jina la faili.